Yaliyosemwa Kisimani

Watu walimwita Mchwa, na hata mkewe alimwita hivyohivyo. Tangu akiwa kijana asiye na ndevu riziki yake ilikuwa chini ya ardhi. Alichimba vyoo, alichimba misingi ya nyumba, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa visima. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mabega yaliyokaza. Juu ya ardhi alionekana kama mgeni: ukimkuta sokoni amesimama pembeni, mikono nyuma, anangoja wenzake wamalize kuongea ndipo apite. Lakini mpe sururu ya mpini mfupi, mteremshe kwa kamba, hapo ungemwona mtu aliyefika kwake.

Mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao, aliitwa Redio. Huyo mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Kazi waligawana hivi: Mchwa chini, Redio juu. Mchwa alichimba, akajaza ndoo, akatikisa kamba. Redio akavuta kwa roda iliyoning'inia juu ya shimo, akamwaga udongo, akarudisha ndoo, na muda wote huo anapiga soga kuelekea shimoni. Alimsimulia kaka yake nani kapita barabarani, kavaa nini, ana haraka ya kwenda wapi. Na asipopita mtu, alibuni. Alibuni wazee wanaokimbizwa na kuku, alibuni mabibi harusi waliopoteza kiatu kimoja, huku anacheka mwenyewe kabla hajamaliza.

"Hebu pumzisha masikio yangu," Mchwa alikuwa akipaza sauti kutoka chini.

"Nikinyamaza utadhani nimekukimbia, kaka."

Mchwa alikuwa mzee wa kanisa. Si mzee wa kuhubiri, maana kuongea hakujaliwa, bali yule wa kufungua milango asubuhi na mapema, kupanga viti na kufuta vumbi mimbarani. Kabla hajashuka kisimani alivua kofia, akafumba macho, akasema, "Bwana, shuka nami." Hayo tu. Redio yeye kanisani alionekana kwenye harusi na mazishi, na hata hapo alipenda kusimama nje na wanaume wengine chini ya dirisha. Kaka yake alipofumba macho yeye alisubiri kwa adabu, kisha akauliza, "Tayari? Mungu naye ana shughuli nyingine."

Msimu ule wa kiangazi kirefu walipewa kazi katika shule moja ya bweni. Kisima cha shule kilikuwa kimekauka, na mwalimu mkuu alitaka kiongezwe kina. Udongo wa juu ulikuwa mfinyanzi mzuri, unasimama kama ukuta; lakini kule chini kulikuwa na mchanga, na mchanga hauna urafiki na mtu. Mchwa alijua hivyo. Walikuwa wanateremsha pete za zege za kuushikilia ukuta, moja baada ya nyingine, na kazi ilienda vizuri mpaka alipokutana na jiwe lililokaa kwa ubavu, kubwa kama meza. Kulifunga kamba peke yake asingeweza.

"Nishuke?" Redio aliuliza.

"Shuka. Mwachie mlinzi kamba."

Redio alishuka huku akiimba wimbo wa harusi kwa sauti ya kike, na mlinzi wa shule, pande la mtu, aliyeshika kamba, akacheka mpaka akaambiwa aangalie asije akaachia. Walilizunguka lile jiwe, mmoja huku, mmoja kule. Walikuwa wanapitisha kamba chini yake mchanga ulipoanza kutoka ukutani, kwanza taratibu, kama unga kutoka gunia lililotoboka, halafu wote kwa mkupuo. Pete moja ya zege ilipasuka na kulala mshazari. Ile pete ndiyo iliyomwacha Mchwa hai, kwa kuwa ilimfunika kama paa. Redio alikuwa upande wa pili.

Vumbi lilipotulia hapakuwa na mwanga hata wa tundu la sindano.

"Mchwa!"

"Nipo."

"Umeumia?"

"Mguu. Wewe?"

"Mimi nimepandwa kama mti wa ua," Redio alisema kwa sauti iliyobanwa. "Subiri kidogo nitachanua."

Wote wawili walicheka, na mchanga ukawaingia mdomoni.

Redio alikuwa amefukiwa hadi kifuani, na ukingo wa zege umemkalia nyongani. Mchwa hakuweza kugeuka wala kusimama. Palikuwa na upenyo kati ya jiwe na pete, na kwa kupitisha mkono mzima mpaka begani aliweza kumgusa mdogo wake sikio, shavu na shingo. Zaidi ya hapo hakufika. Alijaribu kumchimbua kwa vidole. Kila konzi aliyoitoa ilirudi mara mbili. Mwisho akaacha, akauweka mkono wake pale shingoni, ukabaki hapo.

Mwanzoni Redio aliongea kama kawaida yake. Alimwongelea mlinzi, bila shaka huko juu amezimia na sasa wanamwagia maji yeye. Alimwongelea mkewe, ambaye asubuhi walikwaruzana kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Alimwongelea binti yake anayeng'oka meno na kuyaficha chini ya mkeka. Kisha ganzi ikamtoka, maumivu yakaingia, na maneno yakageuka. Alilia kama mtoto. Alimwita mama yao aliyekufa zamani. Alitukana shule, alitukana mchanga, akaomba maji. Maji yalikuwa yanachuruzika taratibu miguuni pa Mchwa, yale maji waliyokuwa wanayatafuta; akalowesha pindo la shati, akamkamulia mdogo wake mdomoni, nusu maji nusu mchanga.

Mchwa aliomba. Aliomba kwa sauti, sala zote alizofundishwa utotoni na zote alizozisikia kanisani, akizimaliza anarudia. Kisha akaomba kwa maneno yake, yeye asiye na maneno. Akanyamaza, akatega sikio kwa mwili mzima. Alikuwa amewasikia watu wengi wakishuhudia juu ya joto linaloshuka kifuani, juu ya amani, juu ya sauti. Alingoja chochote katika hivyo. Hakikuja. Palikuwa na zege juu ya kichwa chake, baridi inayopanda kutoka magotini, na ndugu yake anayegumia.

Ni katika kimya hicho Redio aliposema, "Kaka, umesogea?"

"Nisogee wapi? Sina hata pa kugeuzia shingo."

"Basi si wewe."

"Si mimi nini?"

"Kuna mtu hapa."

"Ni mkono wangu huo."

"Mkono wako uko shingoni, nauhisi. Huyu yuko upande wa huku."

"Ni maumivu hayo, Redio. Usilale."

"Silali. Naumwa kufa. Lakini yupo."

"Nani?"

"Wewe ndiye mzee wa kanisa, unaniuliza mimi?"

Mchwa alimsikiliza mdogo wake akipumua kwa mikato, akilia tena, akitulia tena.

"Anasema nini?" aliuliza hatimaye.

"Hasemi. Amekaa tu."

"Mwambie aliinue hilo zege lililokulalia."

"Amekaa tu, kaka."

Mchwa alimeza mate na mchanga. Kwa unyonge ambao baadaye aliuonea aibu, kama mtu aliyesahauliwa kwenye mgao, alisema, "Mwambie na mimi niko huku."

"Nadhani anajua," Redio alisema.

Baada ya hapo yalikuwa maneno ya homa, yasiyoshikana. Halafu pumzi tu. Halafu chini ya vidole vya Mchwa ile shingo ikaanza kupoa, naye hakuuondoa mkono, maana hakujua angeupeleka wapi.

Huko juu watu hawakuwa wamelala. Mashine haikuweza kusogezwa karibu, mtikisiko wake ungemaliza kila kitu, kwa hiyo walichimba kwa mikono na ndoo, wakipokezana: walimu, mlinzi, mafundi wenzake, hata mchungaji wa kanisa lake akiwa kifua wazi. Jua la siku iliyofuata lilikuwa limeshapanda walipoiondoa ile pete. Walimtoa Mchwa kwanza. Watu walipiga vigelegele, wakasifu, wengine wakaanguka magotini pale pale kwenye rundo la udongo. Kisha walimtoa Redio, na kelele zikakatika.

Hospitali ilimnusuru Mchwa mguu lakini haikuunyoosha. Kila aliyekuja kumwona alisema lilelile: "Mungu alikuwa na wewe kule chini." Walisema kwa upendo, wakimpigapiga bega. Na mara nyingi aliyewapa wageni hao chai alikuwa mke wa Redio, msusi wa nywele mwenye vidole vyepesi, aliyekuja kumsaidia mke wa Mchwa kwa sababu nyumbani kwake hakuweza kukaa. Alisikia maneno hayo, akajaza vikombe, akaondoka na sinia. Yeye aliambiwa na waokoaji kwamba mumewe alipigwa na zege akafa papo hapo, hakuhisi kitu. Mchwa aliyasikia hayo akiwa kitandani, akayaacha yalivyo. Aliona kwamba walau mtu mmoja apate kulala usingizi.

Alipoanza kutembea kwa magongo, mchungaji alimjia. Alikuwa mtu mpole, kucha zake bado zilikuwa hazijaota vizuri tangu siku ile ya kuchimba kwa mikono.

"Mzee wangu, kanisa lina kiu ya kukusikia. Utusimulie jinsi Bwana alivyokuwa nawe."

"Mchungaji, mimi si msemaji."

"Sema machache tu. Watu wamekata tamaa, kiangazi kimewamaliza. Watatiwa moyo."

Mchwa alikwepa, akakwepa tena, mwisho akakubali kwa kuwa alimwonea huruma kwa zile kucha.

Jumapili hiyo kanisa lilifurika mpaka madirishani. Kwaya iliimba, watu walisimama. Mchwa alipanda mbele taratibu, akapewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama mtu aliyeshikishwa samaki hai.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!" Kanisa lilitikisika.

"Ndugu zangu, mnasema Mungu alikuwa na mimi kule chini." Akanyamaza, na mtu mmoja akaitikia amina nyingine peke yake. "Mimi sikumhisi. Niliomba kila nilichofundishwa. Nilingoja. Sikupata kitu. Aliyesema yupo ni mdogo wangu, ambaye ninyi mnajua alikuwa anasimama nje. Alisema Mungu amekaa kando yake. Akasema hivyo huku analia, akafa. Mimi ambaye sikumwona ndiye niliyetolewa. Sasa sijui mnataka nishuhudie nini."

Mpiga kinanda aliegemea vibaya, kinanda kikatoa mlio. Mchungaji alichukua kipaza sauti, akasema tusimame tuombe, na watu wakaomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama wanaofukuza kitu. Wapo waliosema chini chini kwamba kisima kimemharibu kichwa. Mke wa Redio alisimama, akamshika binti yake mkono, akapita katikati ya viti akatoka.

Kesho yake alikuja nyumbani kwa Mchwa. Hakukaa sebuleni. Alimkuta shemeji yake uani, maana siku hizo Mchwa hakuweza kukaa chumba kilichofungwa mlango, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Shemeji, waliniambia alikufa papo hapo."

"Waliniambia na mimi kwamba wamekwambia hivyo."

"Nawe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi leo useme. Neno kwa neno. Na usinipunguzie."

Mchwa alimsimulia. Alimsimulia mti wa ua, na kikombe kilichovunjika, na meno ya mtoto chini ya mkeka. Alimsimulia kilio, matusi, maji ya pindo la shati. Mwanamke alisikiliza huku vidole vyake vikisuka na kufumua upindo wa khanga, tena na tena. Mchwa alipofika kwenye yale maneno ya mwisho, shemeji yake alimzuia.

"Hapo aliposema yupo, maumivu yalikuwa yamepungua?"

"Hapana."

"Alikuwa bado analia."

"Analia, na anasema yupo. Vyote pamoja."

"Basi hakumsaidia."

"Hakumsaidia, shemeji. Nilimwambia amwambie amwondolee zege. Akasema amekaa tu."

Upande wa pili wa ua jirani alikuwa anapasua kuni.

"Kuna jambo jingine, ndilo linalonila," Mchwa alisema. "Unamjua Redio. Nikiwa chini alikuwa ananibunia watu. Barabara tupu, yeye anamwona bibi na kuku wake, ili nisijione niko peke yangu shimoni. Miaka yote hiyo. Sasa najiuliza usiku na mchana: huyo naye alimwona, au alinibunia?"

Mke wa Redio aliiachia ile khanga.

"Alipokuwa anabuni alikuwa anacheka," alisema. "Alikuwa hawezi kuzuia. Hata akinidanganya mimi, nilimjua kwa kicheko. Alicheka?"

"Hapana. Hakucheka."

"Una hakika?"

"Mkono wangu ulikuwa shingoni mwake. Hakucheka."

Mwanamke alifungua mdomo kana kwamba sasa jambo limejulikana, kisha uso wake ukasawijika. "Lakini alikuwa anakufa," alisema polepole. "Labda mtu akiwa anakufa, kicheko hakitoki."

"Labda."

"Basi hata mimi sijui, shemeji."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha kwikwi kisicho na aibu. Mchwa kumgusa hakuweza, haikuwa desturi yao. Alibaki kwenye kigoda chake mpaka jua likahama ukutani, na mke wa Mchwa alipotoka jikoni akawakuta, alirudi ndani bila kuuliza.

Miezi michache baadaye mke wa Redio alihama, akarudi kwa kaka yake mbali, kwa kuwa kila kichwa alichokisuka hapa kilikuwa na ulimi wa kumpa pole. Mwanzoni alimleta mtoto kusalimia. Kisha safari zikapungua, kama kawaida ya safari. Binti alikua, meno yote yakaota, akasahau sauti ya baba yake. Alipokuja akiwa msichana mrefu, Mchwa alimsimulia wale mabibi harusi wenye kiatu kimoja. Alitabasamu kwa heshima, kama anavyotabasamu mtu akionyeshwa picha za watu asiowajua.

Mchwa hakushuka tena kisimani. Alipata kazi kwenye kitalu cha miche, kumwagilia na kupalilia, kazi ya juani na upepo. Hata hapo, akiambiwa achimbe shimo la kupandia mche, mikono ilimtoka jasho, akamwomba mwenzake. Nyumbani walilala mlango wazi. Mkewe alijifunza kuishi na mbu, na paka wa watu waliopita kitandani kama barabarani. Funguo za kanisa Mchwa alizirudisha mwenyewe kabla hajaombwa; mchungaji alizipokea, akazipima mkononi, akasema, "Mzee wangu, hata mimi nimetafuta jibu la kukupa. Sina." Mchwa alimpenda kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake yote.

Lakini kwenda kanisani hakuacha. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, haimbi, hashuhudii. Kila asubuhi kabla ya kufungua bomba la kitalu alivua kofia na kuomba, na kila asubuhi hakusikia kitu, akavaa kofia akafungua bomba. Miaka ilikwenda hivyo. Waliojua habari yake walidhani amepona. Wasioijua walidhani ni mzee tu mwenye mguu mbovu na asiyependa watu.

Siku moja ya Jumapili, mvua inapiga mabati, mkewe alimwona anahangaika kuvaa viatu. Mguu ulikuwa umevimba kwa baridi, kiatu kinakataa. Alimwangalia akipigana nacho mpaka subira ikamwishia.

"Mume wangu, kanisani unafuata nini? Unarudi umenyong'onyea kuliko ulivyokwenda. Kama hayupo, kaa nyumbani upone mguu."

"Sijasema hayupo."

"Umewahi kumhisi? Hata mara moja, tangu siku ile?"

"Bado."

"Sasa?"

Mchwa aliacha kiatu. Alikaa akitazama mvua inavyoingia kwa ule mlango wazi na kulowesha sakafu.

"Nikiacha kwenda," alisema, "nitakuwa nimemwita Redio mwongo. Na siwezi. Nilikuwa nimemshika."

Mkewe alipiga magoti, akalegeza kamba za kiatu mpaka mwisho, akauingiza ule mguu uliovimba taratibu huku mumewe akiuma meno. Akamfunikia gunia la nailoni mabegani, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kanisani walikuwa watu wachache, mvua imewazuia wengi. Mahubiri yalimezwa na kelele za bati, hakuna aliyesikia neno. Mchwa alikaa na nguo zilizolowa mpaka ibada ikaisha, akarudi pole pole kwa tope. Jioni homa ilimpanda, akalala kutwa nzima ya Jumatatu bila kwenda kitaluni, na mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda akimkanda mguu kwa maji ya moto.